Katriji za Mazoezi za Gramu 24 Ndani ya Browning Auto-5 ya Mjomba: Je, Itazimeza?

Wazee wangu shikamooni, vijana wenzangu mambo vipi. Leo niko huku Lindi, kwenye uwanja wa shabaha tulioruhusiwa kuutumia. Kibali changu cha kumiliki silaha kiko mfukoni. Mbele yangu kuna ukingo wa udongo mwekundu ulionizidi kimo mara mbili, na nyuma yangu yupo mpwa wangu tu na kamera yake. Masikio nimeziba, miwani nimevaa.

Mezani kuna vitu viwili. Hiki cha kwanza, chenye mgongo uliokatika ghafla kama ngazi, ni Browning Auto-5, shotigani inayojikoki yenyewe, geji 12. Cha pili ni boksi la katriji 25 za mazoezi, kila moja ina gramu 24 za marisau, yaani zile punje ndogo za ndani, za wale wanaopiga visahani vya udongo hewani. Nimezinunua kwa sababu ni rahisi kuliko zile nzito za gramu 36. Ninachotaka kujua ni kimoja tu: bunduki ya zamani namna hii itazimeza hizi nyepesi, au itatutapikia?

Bunduki hii ilikuwa ya marehemu mjomba wangu wa Nachingwea. Sisi watu wa huku mnatujua, mpwa ndiye anayeitwa kwa mambo ya mjomba. Lakini silaha hairithiwi kama panga. Ilikwenda polisi kwanza, nikaomba kibali kwa jina langu, nikasubiri. Mjomba naye aliipata kwa Mzungu mmoja fundi wa matrekta, wakati ule mradi wa karanga wa Waingereza ulipovunjika mwaka 1951. Kwa hiyo si ya jana. Mpwa, sogeza kamera hapa kwenye mtutu. Mnaiona alama hii? Ni ya majaribio ya Liège, Ubelgiji. Mbunifu wake ni John Browning, Mmarekani, na kiwanda cha FN kilianza kuzitoa mwaka 1902.

Juzi nilipigiwa simu na mzee mmoja wa Masasi aliyewahi kuwa mgambo. Akaniambia, "Mwanangu, usijisumbue. Sisi mazoezini tulipewa risasi baridi kwenye bunduki za SAR, kila ukipiga unavuta kwa mkono." Mzee amesema kweli kabisa. SAR hujikoki kwa moshi wa baruti unaosukuma pistoni. Risasi baridi haina kichwa cha kuziba mtutu kwa mbele, moshi unatoka wote, pistoni inabaki imelala. Wajerumani walipata shida hiyohiyo na G3, ile bunduki ambayo Wareno walikuwa nayo ng'ambo ya Ruvuma wakipigana na FRELIMO. Jeshi la Ujerumani lilitengeneza risasi za mazoezi za plastiki ya buluu, zenye kichwa kisichofika hata gramu moja, ili zisiende mbali. Kwa wepesi huo bunduki haikujikoki, ikabidi watengeneze na bolti maalumu ya mazoezi, yaani kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma.

Mnaona jambo linavyokwenda? Risasi ya mazoezi kazi yake ni kupunguza nguvu. Bunduki inayojikoki inaishi kwa nguvu hiyohiyo.

Auto-5 yenyewe haitumii moshi. Inatumia teke. Ukifyatua, mtutu wote unarudi nyuma pamoja na bolti, kisha mtutu unatangulia kurudi mbele, ganda linatupwa nje, bolti inafuata na katriji mpya. Ndiyo maana begani unasikia vishindo viwili. Sasa teke la gramu 24 linatosha kuusukuma mtutu mpaka mwisho? Tupige.

Kumi za kwanza nimezipiga bunduki ikiwa kama mjomba alivyoiacha. Mmeona wenyewe: kati ya 10, zimekwama 7. Mtutu unarudi nusu, ganda linachomoka kidogo, dirisha linalibana. Angalieni hili, ganda jekundu limesimama dirishani kama jino lililong'oka nusu. Mtu mwingine hapa angesema bunduki imekufa, aipeleke kwa fundi akabadilishiwe springi nzima. Ndugu yangu, subiri kwanza.

Naitoa katriji iliyobaki, nachungulia chemba, pale katriji inapokaa, natia kidole nihakikishe. Tupu. Sasa nafungua kofia hii ya mbele, navuta ubao, nautoa mtutu. Hili bomba ndilo magazini, na hii springi kubwa iliyolizunguka ndiyo inayourudisha mtutu mbele. Juu ya springi kuna pete ya chuma, na juu ya pete kuna kipande cha shaba. Hii pete mdomo wake mmoja umechongwa mshazari. Ikikaa hapa juu, mshazari ukitazama shaba, kila mtutu unaporudi pete inaibana shaba kwenye bomba. Ni breki. Mjomba alikuwa mtu wa katriji nzito, aliamia shamba lake akiwa juu ya dungu miaka na miaka, akapanga breki kwa ajili ya hizo.

Kwa katriji nyepesi, pete inatoka juu, inashuka chini kabisa, nyuma ya springi, inakaa pale bila kazi. Springi inagusa shaba moja kwa moja. Kazi imekwisha, haikuhitaji hata bisibisi.

Zimebaki 15. Moja, mbili, zimepita. Ya tatu, imekwama. Hapa nimefikiri kidogo, nikapitisha kidole kwenye bomba: kavu, tena lina vumbi. Nimefuta kwa kitambaa, nikapaka tone moja la mafuta, nikalisambaza mpaka likabaki kama jasho tu. Usimwage mafuta, breki itateleza. Kuanzia hapo 12 zote zimepita bila kugoma, maganda yanaruka kulia, moja baada ya moja. Sikufichi, nimefurahi sana.

Lakini jamani, nisikilizeni hapa. Ukishapanga hivi, halafu kesho ukasahau ukatia za gramu 36, mtutu utarudi bila breki na kugonga kwa nguvu zote. Tazameni ubao huu wa mbele. Kuna ufa kutoka hapa mpaka hapa. Mjomba aliwahi kuusahau upangaji huo, na fundi mmoja wa vinyago akamtilia kiraka cha mninga. Kimeshika vizuri mpaka leo, ila mbao za asili za bunduki hizi hupati kirahisi. Mimi nafunga uzi mwekundu kwenye kifyatulio kila pete inapokuwa chini.

Na chemba ya hii ni ya milimita 70. Katriji za 76 usijaribu. Marisau ya chuma nayo usiyapitishe kwenye mitutu hii ya zamani ya Ubelgiji, tumia ya madini ya risasi tu.

Kwenye shabaha: gunia lile liko mita 25. Katriji moja ina marisau karibu 300, kila punje milimita 2.4. Matundu yamejaa vizuri, kifuu cha nazi hakisalimiki. Ila mwenye wazo la kwenda kuamia nguruwe pori kwa hizi, aache. Utamjeruhi tu, na nguruwe aliyejeruhiwa ndani ya mikorosho ni balaa kwako na kwa watoto wanaookota mabibo asubuhi. Hizi ni za kujifunza kulenga.

Usafi ni mwepesi, kwa sababu fataki za katriji za siku hizi, vile vidude vya kuwashia baruti, haziachi chumvi. Wazee waliobeba bunduki za Mark 4 wanakumbuka risasi za zamani, walikuwa wakimimina maji ya moto ya birika ndani ya mtutu, maana fataki zake ziliacha chumvi iliyokula chuma. Sisi wa pwani chumvi tunayo hewani tayari. Nikifika nyumbani Mikindani nafuta leo hiihii, silazi.

Mpwa anahesabu maganda. 23... 24... moja limejificha majanini, hilo pale. 25. Mwenye Auto-5 ambaye hajui pete yake iko wapi, anitumie picha ya bomba ikiwa wazi, bila katriji ndani, na afunike namba ya bunduki kwa kidole.