Uzoefu wangu na mashine ya kunolea yenye jiwe la maji: kazi kubwa iko kwenye jiwe

Mashine ninayotumia ina jiwe la kipenyo cha milimita 250 na upana wa milimita 50, linalozunguka mara 90 kwa dakika huku sehemu yake ya chini ikipita ndani ya beseni la maji. Nanolea patasi, visu vya randa na bobari (patasi zenye makali yaliyopinda). Kwa makali inayotoa naisifu bila kusita. Lakini anayeinunua akidhani haitamdai ujuzi atasikitika, kwa sababu jiwe lenyewe linahitaji kutunzwa kuliko patasi.

Faida yake kuu ni kwamba haichomi chuma. Jiwe kavu la grenda la milimita 150, kwenye mota ya mizunguko 2,850 kwa dakika, hukwangua chuma kwa kasi ya mita 22 hivi kwa sekunde. Hili la maji ni mita 1.2 tu. Patasi ya chuma cha kaboni huanza kupoteza ugumu ikikaribia nyuzi 200 za Selsiasi, na kona ndizo huungua kwanza kwa kuwa ni nyembamba. Ukiona rangi ya samawati, umechelewa: sehemu hiyo itabutuka upesi kila ukiinoa, mpaka uisage yote iishe. Kwenye maji hofu hiyo haipo, hata ukibonyeza.

Ubaya wake ni muda. Kurudisha makali yaliyobutuka kidogo ni jambo la dakika chache, ila patasi iliyomeguka milimita 2 itakuchosha. Hapo mimi huikata kwanza ncha iwe bapa kwa kuisimamisha wima dhidi ya jiwe mpaka pengo liishe, ndipo naanza kutengeneza mteremko, yaani uso ulioinama unaoishia kwenye makali.

Sasa jiwe. Likiwa si duara kamili, au uso wake hauko sambamba na fimbo ya tegemeo (ile inayobeba patasi wakati wa kunoa), patasi itatoka imekwenda upande hata uifunge vizuri namna gani. Dalili ni patasi kurukaruka mkononi na maji kuonekana yakikusanyika upande mmoja. Dawa ni kifaa cha kunyooshea chenye ncha ya almasi: kipitishe taratibu toka ukingo hadi ukingo, ukila kidogo kidogo, kamwe si zaidi ya nusu milimita kwa mpito mmoja, na maji yawemo. Patasi nyembamba za milimita 6 ndizo huharibu zaidi, maana huchimba mfereji zikikaa mahali pamoja. Zisogeze kushoto na kulia muda wote, na usisahau kingo za jiwe, la sivyo katikati patabonyea.

Tatizo la pili ni jiwe kung'aa na kuacha kula. Chembe zake zimelainika na kuziba. Wengi hapa huongeza nguvu ya mkono, na hilo halisaidii chochote. Bonyeza kipande cha jiwe la kuamshia, upande wa chembe nene, kwa nusu dakika hivi, litaanza kula tena. Upande laini wa kipande hichohicho huufanya uso wa jiwe la namba 220 (namba ikipanda, chembe ni laini zaidi) ufanye kazi kama la namba 1000, ambao ndio wa kumalizia. Ninapenda mpango huu, kwa kuwa jiwe moja linatosha, ingawa kulirudisha kwenye ukali kila mara kunalipunguza.

Kadiri jiwe linavyopungua, pembe uliyoipima awali hubadilika. Kwa hiyo usitegemee alama za zamani kwenye fimbo. Paka mteremko wino wa makapeni, zungusha jiwe kwa mkono, uangalie wino umefutika wapi: ukifutika kwenye ncha tu, pembe imezidi, ukifutika nyuma tu, imepungua. Patasi za kazi ya kawaida nazipa nyuzi 25 hadi 30, za kutobolea matundu 30 hadi 35, kisu cha randa 25. Baada ya sekunde chache za kwanza, pima kwa skwea. Kibanio kinachoishika patasi kinaweza kuivuta upande skrubu moja ikikazwa zaidi ya nyingine.

Wapo wanaolalamika kwamba jiwe la duara linaacha mbonyeo kwenye mteremko. Patasi ya unene wa milimita 4 kwa nyuzi 25 ina mteremko wa milimita 9.5 hivi, na mbonyeo wake haufiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Haudhoofishi chochote.

Gurudumu la ngozi, la kung'arishia makali baada ya jiwe, lipake mafuta mepesi ya mashine kwanza, halafu dawa ya kung'arishia. Hapa patasi lazima ielekee kule ngozi inakokwenda. Ukiigeuza itachana ngozi. Iache kwenye kibanio kwa pembe ileile, kwa sababu kwa mkono mtupu ncha huviringika. Mgongo wa patasi mimi siunolei kwenye mashine hii kabisa. Natumia jiwe bapa, kwani mgongo usionyooka hauwezi kutoa makali.

Jiwe jipya hunywa maji mengi, hivyo jaza tena baada ya muda mfupi. Ukimaliza, shusha beseni. Jiwe likilala majini, upande mmoja huwa mzito na mzunguko huyumba. Tope la chuma lifute kwa gazeti na ulitupe. Usilimwage kwenye sinki, huganda ndani ya bomba. Na kausha patasi papo hapo, kutu huanza kwenye makali mapya kabla hujamaliza kufunga mashine.

Mwenye patasi tatu na randa moja, mawe bapa yanamtosha. Mwenye bobari nyingi, au karakana ambayo vifaa vinabutuka kila siku, ndiye atakayefaidi.