Msamiati wa Soka: Uingereza na Marekani

Mwingereza huuita mchezo huu “football”, ilhali Mmarekani, aliyekwisha kulitumia jina hilo kwa mchezo wake wa mpira wenye umbo la yai, husema “soccer”. Wengi humcheka bila kujua kwamba neno hilo lilizaliwa Uingereza kwenyewe, likifupishwa kutoka “association”, kwa kuwa kanuni za mchezo ziliwekwa na chama kilichoundwa London mwaka 1863. Nasi tunaosema soka hatuna la kumcheka. Mabao mawili kwa bila, Mwingereza husoma “two-nil”, Mmarekani “two-nothing”. Sare ni “draw” kwa mmoja, “tie” kwa mwenzake. Kinachonifurahisha zaidi ni njumu: Mwingereza huziita “boots”, yaani buti, lakini Mmarekani huzitaja kwa meno ya soli yake, “cleats”.