Uzoefu wangu: kuitafuta historia ya Richmond Park kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew

Nyota nne. Anayetaka historia ya Richmond Park, bustani ya kulungu wa kifalme iliyozungushiwa ukuta na Charles I mwaka 1637, aanzie hapa. Huduma ni bure. Nyota ya tano naibakiza kwa kuwa hizi ni karatasi za Mfalme na serikali: wanakijiji wa Ham, Petersham na Mortlake waliopoteza ardhi yao utawaona kwa mbali tu.

Omba kadi ya msomaji mtandaoni, kisha uende na vitambulisho viwili, kimoja cha jina na kingine cha anwani. Kikikosekana kimoja, hati halisi hupewi. Kalamu za wino ziache kabatini. Penseli na kamera bila flashi ni ruksa. Ramani kubwa husomwa ghorofa ya pili.

Wengi hukwama kwenye jina. Makarani wa zamani waliiita “New Park”, kuitofautisha na Old Deer Park iliyo kando ya mto. Ukiandika “Richmond” peke yake kwenye katalogi, utamwagiwa pia Richmond ya Yorkshire. Tafuta ndani ya mafungu haya: WORK 16 kwa mafaili ya bustani za kifalme, WORK 32 kwa ramani na michoro, CRES kwa ardhi ya Ufalme.

Mimi ningeanza na ramani ya Nicholas Lane, ya enzi ya ukuta wenyewe. Ukikuta vipimo vya kizamani, “rod” moja ni futi 16.5, yaani mita 5.03, na “chain” ni rod nne. Ramani ya ngozi hujikunja, basi weka uzito pembezoni, kamwe usiuweke juu ya rangi, na msaada uombe kabla hujaikunjua.

Tarehe nazo zina mtego. Kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza Machi 25, kwa hiyo Februari 1636 kwenye hati ni Februari 1637 kwetu. Amri ya Novemba 1636 na hesabu ya Februari 1636: hesabu ndiyo ya baadaye. Usipogeuza, utaona ukuta unalipiwa kabla haujaamriwa!

Kesi ya John Lewis, mtengeneza bia aliyeshinda mwaka 1758 baada ya Princess Amelia, binti wa Mfalme George II na msimamizi wa bustani, kuwafungia watu mageti, itakuvutia. Lakini kumbukumbu za mahakama za Surrey, fungu la ASSI, zimeandikwa kwa maneno ya kisheria yale yale na ushahidi wa mdomo ni nadra. Kwa habari za ngazi zilizowekwa ukutani ili waenda kwa miguu wapite, magazeti ya wakati ule yanafaa zaidi.

Jambo la mwisho: baadhi ya mafaili huhifadhiwa kwenye mgodi wa chumvi huko Cheshire. Yaagize siku kadhaa kabla.