Zenit-E ya ami ilivyokwama, na fundi saa aliyeifungua

Nianze na kosa langu, maana watu husimulia kamera zilizokwama kana kwamba zimekwama zenyewe. Hii niliikwamisha mimi, kwa mkono wangu, Jambiani, huku Unguja, mchana wa jua kali, maji yamekupwa na kina mama wako kwenye mwani. Kihesabio cha picha kilishapita 36, mwisho wa filamu. Mkono wa kuvutia filamu ukakataa katikati ya njia, nikadhani ni ukongwe. Nikausukuma kwa kidole gumba mpaka nikasikia kitu kinatatarika ndani. Ukaachia kidogo, kisha ukagoma moja kwa moja: hauendi mbele, haurudi nyuma, na kitufe cha kupigia hakishuki.

Kamera yenyewe ni Zenit-E, ya ami yangu, aliyekuja nayo aliporudi masomoni Urusi, enzi za Sovieti. Usoni ina zile duara tano za Olimpiki, kwa sababu ni ya toleo la michezo ya Moscow ya 1980. Chuma kitupu, ukiivaa shingoni tangu asubuhi, jioni shingo inakusimulia. Miaka mingi ililala kabatini Kikwajuni. Nikaiomba baada ya kupitapita sana Capital Art Studio pale Barabara ya Kenyatta, studio iliyofunguliwa mwaka 1930, nikitazama picha zao nyeusi na nyeupe za mji wetu mpaka nami nikajiona mpiga picha. Ami akanipa kwa sharti moja: nisiivunje.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini sikumwambia.

Usiku ule nilijifungia chooni, nikazima taa, nikaziba chini ya mlango kwa kanga, nikafungua mgongo wa kamera gizani na kuichomoa filamu kwa vidole huku naikunja irudi mkebeni mwake. Picha nyingi zilisalimika. Kesho yake nikaipeleka kamera kwa kijana mmoja anayetengeneza simu. Simtaji, wala duka lake silitaji. Aliitazama kama dakika mbili, akatoa kopo la mafuta ya kupuliza, yale ya kulegezea nati zenye kutu, akalipiga chini ya mkono. Fyuu! Elfu kumi. Mkono haukusogea hata unywele. Siku ya pili nikaona pazia lina doa linalong'aa. Pazia la Zenit ni kitambaa kilichopakwa mpira, linapita mbele ya filamu kutoka upande hadi upande, na halitaki mafuta kabisa. Yakishafika pale yanavuta vumbi, na vumbi la kwetu lina chumvi ndani yake.

Aliyenielekeza kwa fundi saa ni mama mmoja muuza vitambaa Darajani. Nilikuwa nalalamika tu, akasema, "Mpelekee yule mzee wa saa. Cherehani yangu ya mkono alinifungulia yeye." Kibanda chake kipo uchochoroni nyuma ya soko, hakina hata kibao. Meza ndogo, taa ya kuinamisha, kioo cha kukuzia anachokibana jichoni, na vikombe vya kahawa vilivyojaa skrubu ndogo kama chawa.

Nikamwamkia, nikamkabidhi. Hakuuliza ni ya mwaka gani wala nimeinunua wapi. Aliuliza, "Uliilazimisha?"

Nikasema ndiyo.

"Basi nusu ya kazi umeshanifanyia," akasema. "Wengi wananidanganya, na mimi natafuta siku mbili kitu wanachokijua wao."

Akafungua mgongo, akainamisha taa, akakaa kimya. Mimi nilizoea kumwona fundi anaanza na bisibisi. Huyu alianza na macho. Akanipa kile kioo nami nitazame. Ndani, kandokando ya kidirisha cha picha, kuna roda lenye meno yanayoingia kwenye vile vitundu vya ukingoni mwa filamu. Kila picha moja hupitisha vitundu 8. Nilipolazimisha filamu iliyokwisha, vitundu viliraruka, na kipande chembamba cha plastiki, kama ukucha wa mtoto, kikaingia baina ya roda na mwili wa kamera. Roda likisimama, mkono unasimama, na pazia haliwezi kujikaza, kwani vyote vimefungana pamoja. "Hii haina maradhi," akasema. "Hii imekabwa koo."

Akakitoa kwa koleo la saa kwa pumzi moja, nami nikajua nimeshapona. Bado. Mkono ulienda, kitufe kikashuka, kioo cha ndani kikapiga kofi lake, lakini pazia likafika robo tatu likalala. Hapo ndipo lilipoingia lile kopo la elfu kumi, pamoja na grisi ya kiwandani iliyokuwa imegeuka nta kwa kukaa. Akanambia niiache.

Aliniahidi siku nne, zikawa tisa. Nilipita mara mbili nikakuta pamefungwa, mara ya tatu nikakuta amekwenda kuswali na kiti kimeachwa mlangoni. Simu hapokei. Kama una safari Jumamosi, usimpelekee Jumatano.

Ila kazi! Alifungua kifuniko cha chini, akasafisha vigurudumu kwa benzini, tone moja moja kwenye ncha ya kijiti, akaacha vikauke, kisha akatia mafuta ya saa kwa sindano kwenye mihimili tu. Pazia lenyewe alilifuta kwa pamba, hakulirowesha. Mwisho akakaza kidogo sana skrubu inayovuta springi ya pazia. Aliponikabidhi alinifundisha kuijaribu mwenyewe: mgongo wazi, bila lenzi, elekeza kwenye ukuta mweupe wenye jua, weka kasi ya 500, yaani sehemu moja ya 500 ya sekunde, piga, tazama. Mwanga ukionekana sawa pande zote mbili, pazia linafika. Upande mmoja ukiwa mweusi, haliwahi. Yangu kwa 500 bado ina kivuli chembamba upande mmoja, na alinambia waziwazi kwamba hataki kukaza zaidi, kitambaa ni kizee. Kuanzia 250 kushuka hadi 30 iko safi.

Alinitoza elfu arubaini na tano. Risiti hana. Kipimamwanga hakukigusa: kile kinaendeshwa na seleniamu, inayotoa umeme ikipigwa na mwanga, bila betri, na chetu kimeshakufa. Sijakikosa sana. Kwa filamu ya ISO 200 (kipimo cha wepesi wake wa kushika mwanga) na jua letu la saa sita, naweka 250 na tundu la lenzi 16, picha zinatoka.

Akanigombeza pia kwa ule mkoba wa ngozi. Ngozi inashika unyevu, na masika yetu hayana haja ya kusaidiwa. Kwenye ukingo wa lenzi tayari kulikuwa na ukungu kama utando wa buibui, ameupunguza, haujesha. Sasa kamera inakaa kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Kama yako imekwama, kabla hujenda popote tazama kihesabio kwanza, kisha zungusha polepole kile kifundo cha kurudishia filamu kuelekea kwenye mshale. Kikikaza, filamu imo ndani na huenda imekwisha tu. Bonyeza pete iliyozunguka kitufe cha kupigia, uirudishe mkebeni. Na usinunue betri, Zenit-E haina pa kuitia. Mwenye Canon AE-1 mambo yake ni mengine: ile betri ya volti 6 ikifa, mkono na kitufe vinafunga kabisa, na wapo waliowalipa mafundi kwa ugonjwa wa betri.

Ami aliniuliza juzi kamera inaendaje. Nikamwambia inaenda vizuri. Akaichukua, akavuta mkono, akapiga hewani, akaisikiliza. "Zamani ilikuwa na kelele," akasema, akanirudishia.

Filamu iliyomo sasa iko 31. Nitaishia 35.