Kijitabu cha Katiba kwa anayetaka kujua Waziri Mkuu anapatikanaje: nakala ipi ununue Mbeya na Iringa

Mtu akiuliza Waziri Mkuu anapatikanaje, cha kumpa ni kijitabu kimoja: Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Pamfleti za mitihani zinazoning'inizwa kwenye milango ya stesheneri hugusa jambo hili kwa mistari miwili mitatu, na mara nyingi mistari hiyo ina makosa. Katiba yenyewe inalimaliza kwa ibara zisizozidi tano, kwa Kiswahili ambacho mwanafunzi wa sekondari anakisoma akaelewa. Ila nakala zinazouzwa Uhindini, Kabwe na Mwanjelwa hapa Mbeya, na zile za Miyomboni na Mashine Tatu kule Iringa, hazina ubora mmoja. Nyingine zimepoteza kurasa zilezile zinazobeba jibu, na mnunuzi hagundui mpaka afike nyumbani.

Aina ni tatu. Kuna kijitabu halisi cha Mpiga Chapa Mkuu wa Serikali, kuna kopi iliyotolewa dukani na kubaindiwa kwa spairo, na kuna faili ya PDF unayorushiwa kwenye simu. Kijitabu halisi ndicho cha kutafuta kwanza, kwa sababu ya kitu kidogo ambacho wengi hawakiangalii: maandishi ya pembeni mwa ukurasa. Pale pembeni, kandokando ya kila ibara, pamechapwa kwa herufi ndogo jina la ibara na namba za sheria zilizoibadili, kwa mwaka. Ukitaka kujua masharti ya Waziri Mkuu yamepita mikono mingapi tangu 1977, unasoma pale. Kopi nyingi za stesheneri zinaukata huo ukingo. Anayetoa kopi huweka kurasa mbili kwenye karatasi moja ya A4 iliyolazwa ili kuokoa karatasi, kisha mashine inakula sentimita moja upande wa nje. Kule kati, kijitabu kinapokunjwa, kivuli cheusi kinameza maneno ya mwisho ya mistari. Katika sheria, kupoteza neno "au" mwishoni mwa mstari kunageuza maana nzima.

Kabla ya kulipa, fanya ukaguzi huu palepale kaunta. Fungua Ibara ya 66(1)(b). Kama haisemi kwamba wabunge wanawake wa viti maalum hawapungui asilimia thelathini, hiyo ni nakala ya kabla ya Mabadiliko ya 14 ya mwaka 2005, irudishe. Halafu tafuta Ibara ya 53A, yenye herufi A. Hapo ndipo kopi nyingi zinapoangukia. Mtu huagiza atolewe "ibara za Waziri Mkuu, 51 mpaka 53", mtoa kopi anaishia 53, na kura ya kutokuwa na imani inabaki dukani. Mwisho angalia Ibara ya 152, ambayo ni ya mwisho kabisa. Ikiwepo, na sura zote kumi zipo kwa mfuatano, kijitabu kimetimia.

Sasa yaliyomo, maana hapa ndipo kijitabu kinapostahili fedha yako.

Moyo wa jambo ni Ibara ya 51(2). Ni sentensi moja ndefu, na anayeisoma haraka anatoka na nusu yake. Isome kwa vipande vinne, kwa penseli mkononi.

Kipande cha kwanza ni muda: Rais akishashika madaraka, anateua Waziri Mkuu mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile ndani ya siku 14. Siku hizo zinahesabiwa kweli. Mwaka 2015 Rais John Magufuli aliapishwa tarehe 5 Novemba, na jina la Kassim Majaliwa likafikishwa bungeni Dodoma tarehe 19 Novemba, yaani siku ya mwisho inayoruhusiwa.

Kipande cha pili ni sifa, na ndicho kinachokosewa kuliko vyote kwenye majibu ya mitihani. Anayeteuliwa lazima awe mbunge wa kuchaguliwa kutoka jimbo la uchaguzi. Mbunge wa viti maalum hafai. Mmoja wa wale kumi wanaoteuliwa na Rais hafai. Aliyetoka Baraza la Wawakilishi la Zanzibar hafai, hata Mwanasheria Mkuu wa Serikali ambaye ni mbunge kwa wadhifa wake. Ndiyo maana Ibara ya 51 haisomeki peke yake. Weka kidole kingine kwenye Ibara ya 66(1), inayoorodhesha aina za wabunge. Kwa msomaji wa Mbeya mfano uko karibu. Novemba 2015 Dk. Tulia Ackson aliingia bungeni kwa kuteuliwa na Rais, na bunge hilohilo likamchagua kuwa Naibu Spika. Kiti hicho kilimruhusu kuongoza vikao, lakini kwa njia ile aliyoingilia asingeweza kuwa Waziri Mkuu. Alipochaguliwa Mbeya Mjini mwaka 2020, kizuizi hicho kiliondoka. Sharti hili ni letu, si la kila nchi: India ilikuwa na Manmohan Singh kama Waziri Mkuu kuanzia 2004 hadi 2014 akiwa amekaa katika bunge la juu, ambalo wananchi hawalipigii kura moja kwa moja.

Kipande cha tatu ni chama. Anayeteuliwa anatoka katika chama chenye wabunge wengi zaidi. Na kama hakuna chama cha namna hiyo, anateuliwa yule anayeelekea kuungwa mkono na wabunge walio wengi. Hiyo "kama hakuna" haijawahi kutumika kwetu, na kijitabu hakiielezi zaidi, kwa hiyo msomaji huipita. Asiipite, kwa sababu ndiyo injini ya mfumo wa kibunge kokote duniani. Lesotho, Oktoba 2022: chama cha Sam Matekane kilipata viti 56 kati ya 120. Wingi unaanzia 61. Ikabidi aungane na vyama viwili vidogo, ndipo akaapishwa. Uingereza, Mei 2010: chama cha Conservative cha David Cameron kilipata viti 306 kati ya 650, pungufu ya 326 inayohitajika. Waziri Mkuu Gordon Brown alibaki ofisini siku tano, vyama vikijadiliana, mpaka Liberal Democrats walipokubali kushirikiana na David Cameron. Katika nchi hizo mtu hapigiwi kura na taifa zima kuwa Waziri Mkuu. Anapigiwa jimboni kwake kama mbunge, halafu hesabu ya viti ndiyo inayompandisha au kumwacha chini.

Kipande cha nne ni uthibitisho. Jina likitajwa, aliyetajwa bado si Waziri Mkuu. Hashiki madaraka mpaka Bunge limthibitishe kwa kura za wabunge walio wengi, kisha aape mbele ya Rais kama Ibara ya 51(1) inavyotaka. Mwaka 2015 Majaliwa alipata kura 258 za ndiyo dhidi ya 91 za hapana. Pamfleti zinazoandika kwamba Rais "humteua Waziri Mkuu" kisha zikaweka nukta zinamnyima mwanafunzi nusu ya alama. Uingereza hakuna kura ya namna hii kabisa: Mfalme humwita yule anayeonekana kuwa na wingi, na mwenye madaraka hupatikana siku hiyohiyo. Ujerumani wako upande wa pili, Bunge lenyewe ndilo linalomchagua Kansela, yaani waziri mkuu wao, na tarehe 6 Mei 2025 Friedrich Merz alikosa kura ya kwanza kwa kupata 310 wakati zilihitajika 316. Akapita kwenye awamu ya pili, siku ileile. Sisi tuko katikati: Rais anapendekeza kwa kuteua, Bunge linafunga mlango au linaufungua.

Upungufu mkubwa wa kijitabu ni kwamba hakikuambii jambo hilo la mwisho. Msomaji anaweza kufunga jalada akiamini Tanzania ina mfumo wa kibunge kama wa Uingereza. Hatuna. Rais wetu anachaguliwa na wananchi moja kwa moja, ndiye Mkuu wa Serikali, na anaweza kumwondoa Waziri Mkuu. Waziri Mkuu chini ya Ibara ya 52 anasimamia shughuli za Serikali za siku hadi siku na kuongoza shughuli za Serikali bungeni. Mfumo wa kibunge tuliuishi kwa muda mfupi: mwaka 1961 Tanganyika ilipopata uhuru, Julius Nyerere alikuwa Waziri Mkuu aliyetokana na wingi wa TANU bungeni, Januari 1962 akajiuzulu na Rashidi Kawawa akachukua nafasi, bila wananchi kurudi kwenye masanduku ya kura. Tarehe 9 Desemba 1962 tukawa Jamhuri, cheo hicho kikafutika, na kilirudi mwaka 1972, Kawawa akiwa tena wa kwanza kukishika. Mwalimu anayefundisha kwa kijitabu hiki aandike historia hiyo ubaoni kabla darasa halijafungua Ibara ya 51.

Ibara ya 53A nayo inastahili muda wako, kwa sababu inaeleza njia ambayo Bunge linaweza kumtoa Waziri Mkuu. Hoja ya kutokuwa na imani lazima itiwe saini na wabunge wasiopungua asilimia 20 ya wabunge wote, na taarifa imfikie Spika siku zisizopungua 14 kabla. Haitolewi kabla ya miezi sita tangu uteuzi, wala kabla ya miezi tisa tangu hoja ya namna hiyo ikataliwe. Hapa fanya hesabu mwenyewe. Bunge lililochaguliwa 2020 lilikuwa na nafasi 393: za majimbo 264, viti maalum 113, Baraza la Wawakilishi 5, Mwanasheria Mkuu, na 10 za uteuzi wa Rais. Asilimia 20 yake ni 78.6, yaani saini 79. Neno "wote" ndilo linaloamua: unahesabu wabunge wote, wala si waliokuwepo ukumbini siku hiyo. Aprili 2012 saini zilikusanywa dhidi ya Waziri Mkuu Mizengo Pinda, mbunge wa Katavi, na Spika Anne Makinda wa Njombe Kusini akaikataa hoja kwa sababu ya ile taarifa ya siku 14. Wenye hasira siku ile walidhani ni ukaidi wa Spika. Mwenye kijitabu mkononi aliweza kuonyesha mstari wenyewe.

Ibara ya 57 isome kwa haraka lakini usiiruke: kiti cha Waziri Mkuu kikiwa wazi, mawaziri nao wanapoteza vyao. Februari 2008 Edward Lowassa alipojiuzulu, Baraza zima la Mawaziri lilivunjika, na siku moja baadaye Bunge likamthibitisha Pinda.

Kuna maswali mawili ambayo kijitabu hakiyajibu hata ukikisoma usiku kucha. La kwanza, kura yenyewe inapigwaje: jina linafika bungeni kwa njia gani, karatasi zinagawiwa na nani, kura ni ya siri au ya wazi. Hayo yamo katika Kanuni za Kudumu za Bunge, kitabu kingine kabisa, ambacho ni adimu kwenye stesheneri za mikoani. Pakua kwenye tovuti ya Bunge. La pili, hakina faharasa ya maneno. Huwezi kutafuta "Waziri Mkuu" ukaonyeshwa kila ukurasa anapotajwa. Hapo PDF inashinda karatasi: andika neno kwenye kisanduku cha kutafutia na kila ibara inajitokeza. Tatizo la PDF zinazozunguka ni kwamba nyingi ni picha za kurasa zilizopigwa kwa simu, haziwezi kutafutwa, na hazina ukurasa wa mbele unaoonyesha toleo. Ukirushiwa faili, jaribu kwanza kutafuta neno moja. Lisipopatikana, futa, chukua nyingine.

Kuhusu uimara: nakala zilizobanwa kwa pini hazifai kwa Tukuyu, Makete na maeneo yote ya mvua nyingi. Pini zinapata kutu, kutu inaachia doa linalopanuka, na kurasa za katikati zinachomoka. Sura ya pili, yenye Waziri Mkuu, haiko mbali na hapo. Lipia spairo ya plastiki na jalada gumu la nyuma, na mwambie mtoa kopi mambo matatu kabla hajawasha mashine: ukurasa mmoja kwa upande mmoja wa karatasi, ukingo wa nje usikatwe, na kijitabu cha asili kibanwe wazi kabisa ili kivuli cha kati kisiingie. Gharama inapanda kwa sababu karatasi zinaongezeka, lakini unapata nafasi ya kuandika pembeni.

Mwanafunzi wa kidato cha tano na sita anatosheka na kopi nzuri ya Katiba nzima. Anayesoma sheria, awe Mzumbe kampasi ya Mbeya au Iringa mjini, anunue kijitabu halisi, kwa sababu mhadhiri atamuuliza sheria iliyobadili ibara, na jibu liko kwenye ule ukingo. Diwani, mwandishi wa redio ya mkoani au katibu wa chama ngazi ya wilaya achukue vyote viwili: karatasi ya kusomea na PDF inayotafutika, kwa sababu jina la Waziri Mkuu mpya likitajwa asubuhi, wasikilizaji wataanza kupiga simu studio kabla ya saa sita mchana wakiuliza kama ameshaanza kazi.