Karakana ya Gerezani: uchongaji wa hali ya juu, ufungaji wa haraka haraka

Karakana ninayoizungumzia ipo eneo la Gerezani, Dar es Salaam, na jina lake naliacha kwa kuwa suala letu halijafungwa. Niliwapelekea injini ya mashine ya kukatia nyasi, Honda GXV160, ile yenye shafti iliyosimama wima na ujazo wa cc 163, ambayo ilikuwa imeanza kutoa moshi wa bluu na kula oili. Kwa sisi tunaoishi maeneo ya mchanga kama Mbezi Beach au Kigamboni hilo si ajabu, kwa sababu vumbi likipita kwenye kichujio cha hewa kilichochoka husaga ringi za pistoni na silinda taratibu, hadi oili inapata njia ya kupanda juu na kuungua. Tulikubaliana wachonge silinda, waweke pistoni iliyozidi ya kawaida kwa milimita 0.25 na ringi zake, wasage valvu, wabadilishe gasketi zote, kisha wanikabidhi mashine ikiwa inafanya kazi.

Haki yao niwape kwanza: kazi ya chuma ilikuwa safi sana. Nilipoomba kuiona silinda kabla haijafungwa, fundi aliifuta kwa kitambaa na kuielekeza kwenye mwanga, nikaona mistari myembamba iliyopishana kuanzia juu hadi chini, bila mkwaruzo wowote wa zamani. Mistari hiyo si pambo, kwani ndiyo inayoshika oili na kuzisaidia ringi mpya kukaa. Bei nayo ilikuwa ya haki ukilinganisha na injini mpya.

Tatizo lilianzia kwenye ufungaji. Pale karakana injini iliwaka vizuri, ikanguruma kwa muda mfupi huku choki ikiwa bado imevutwa nusu, nami nikalipa. Nyumbani, choki ilipofunguliwa, sauti ikawa inapanda na kushuka yenyewe kama dereva anayekanyaga mafuta na kuachia, na mashine ilipoingia kwenye ukoka mzito wa masika ikakohoa na kuzima. Ikishapata moto, kuiwasha tena ilikuwa ni kuvuta kamba hadi bega linauma. Nilipompigia simu fundi, jibu lake lilikuwa fupi: “Bosi, hiyo itazoea tu, ringi bado mpya.”

Jibu hilo linapendwa sana na mafundi wetu, na ubaya wake ni kwamba lina ukweli nusu. Ringi mpya zinaweza kueleza moshi kidogo na oili kupungua katika saa za mwanzo za kazi, lakini haziwezi kueleza sauti inayopanda na kushuka. Injini inayofanya hivyo bila mzigo mara nyingi inapata hewa nyingi kuliko petroli inayostahili, na gavana, yaani kifaa kinachodhibiti kasi ya injini, hujaribu kurekebisha kwa kufungua kabureta, mzunguko ukapanda kupita kiasi, ikafunga, ukashuka, na mchezo ukaanza upya. Kipimo cha haraka ni choki yenyewe, ambayo kazi yake ni kupunguza hewa: ukiivuta nusu na sauti ikatulia, ujue hewa imezidi. Yangu ilitulia.

Hapo washukiwa wakuu wanabaki wawili, yaani jeti ya kabureta (kitundu kinachopitisha petroli) iliyoziba, au hewa inayoingilia mahali fulani baada ya kabureta. Jeti nilizitoa, na mwanga ulipita kwenye matundu yake bila shida. Nikapuliza dawa ya kusafishia kabureta, kidogo kidogo na mbali na ekzosi kwa sababu dawa hiyo inawaka moto, kwenye maungio ya kabureta na silinda hedi, na papo hapo mlio ukabadilika. Nilipofungua nilikuta kwamba kile kipande cheusi cha plastiki kinachokaa kati yao hakikuwa na gasketi upande wa hedi. Palikuwa na silikoni nyekundu, ambayo petroli ilikuwa imekwisha kuilainisha hadi inabanduka kwa ukucha. Kwenye risiti yangu, hata hivyo, pameandikwa gasketi zote.

Ugumu wa kuwaka ikiwa na moto ulikuwa na chanzo kingine. Injini hii, ikiwa baridi na pistoni ikiwa juu kabisa mwisho wa mgandamizo, inatakiwa iwe na nafasi, kati ya mti wa valvu na mkono unaoisukuma, ya milimita 0.15 kwenye valvu ya kuingiza na 0.20 kwenye valvu ya kutolea moshi. Kwenye hiyo ya pili jani la 0.20 la fila geji (kipimo cha vibati vyembamba) halikuingia, na hata la 0.10 lilipita kwa kubanwa. Valvu ikisagwa huzama kidogo kwenye kiti chake na mti wake ukapanda upande wa pili, hivyo nafasi hupungua. Injini ikipata moto mti hurefuka zaidi, valvu haifungi sawasawa, na mgandamizo unavuja. Anayesaga valvu asipopima nafasi hiyo ameacha kazi katikati. Plagi na kipande cha chuma kinachofunga flaiwili kwenye shafti nilivikagua pia, vyote vikawa sawa.

Niliporudi Gerezani walitafuta gasketi halisi, wakaifunga na kurekebisha valvu mbele yangu bila ubishi, na tangu hapo injini inanguruma kwa sauti moja na kukata ukoka bila kusita. Kisha wakadai malipo mengine ya ufundi. Atakayewapelekea injini aombe kuonyeshwa pakiti ya gasketi kabla haijafunguliwa, adai valvu zipimwe mbele yake, na asilipe hadi injini ingurume muda wa kutosha choki ikiwa imefunguliwa kabisa. Silinda ningewapelekea tena hata kesho, ila kufunga ningempa fundi mwingine, na hayo malipo ya pili sijayatoa.