TAHADHARI: Anayeuza El Camino "SS 454" hapa Texas ni tapeli

Ndugu zangu, kabla hujamtumia mtu hela ya El Camino, ile pikapu ya Chevrolet yenye umbo la gari dogo, soma kwanza. Yule jamaa wa gereji ya kufufua magari ya zamani, ambaye wengi wenu mmeona picha zake, ni mwizi. Mnisamehe, nina hasira.

Gari hili nimelitafuta muda mrefu. Jamaa akasema ni SS 454 ya 1970 (SS ni toleo la kasi, 454 ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo) yenye injini ya LS6, nguvu za farasi 450, ambayo Chevrolet waliiweka kwenye El Camino mwaka huo mmoja tu. Nilipofika alikuwa ameshaliwasha. Jekundu, mistari myeusi juu ya boneti, rangi inang'aa mpaka unajiona uso. Akanikalisha kwenye usukani, akaniambia nikanyage mafuta. Nikakanyaga. Kile kijimlango cha hewa juu ya boneti kikafunguka, gari zima likatikisika, kifua changu nacho kikatikisika. Mke wangu alisimama pembeni anarekodi. Video ipo mpaka leo kwenye simu yake, sitaki hata kuisikia sauti ya video hiyo. Jamaa akaniwekea mkono begani, akasema gari limempata mwenyewe. Palepale nikatoa advansi, na iliyobaki ikapita benki.

Nani asingemwamini? Alikuwa na albamu nzima ya picha za kazi, bodi ikiwa wazi, chesisi ikiwa imepakwa rangi mpya. Sasa najua ni picha za gari jingine! Alikuwa na karatasi ya kiwandani, ile inayoonyesha gari liliundwa na vitu gani, imechakaa na kuingia mafuta, akadai aliikuta juu ya tenki, na kweli ndiko nyingi hukutwa. Namba zilizogongwa mbele ya bloku ya injini zililingana na za kwenye dashibodi, nilizisoma kwa macho yangu. Binti yake akaniletea maji ya kunywa. Mtu anakukaribisha hivyo mbele ya mwanawe, kumbe anakuchuna.

Baadaye nikalipeleka kwa fundi wangu, akainua kapeti. Sakafu ni viraka vya bati vilivyopigwa ribiti na kupakwa lami. Nyuma ya matairi sumaku haikushika, puti tupu. Kisha akamulika bloku, kwenye tarehe ya kumiminwa chuma. Inaishia na 4. Injini ya 1974 ndani ya gari la 1970! Zile namba za mbele zilisagwa zikagongwa upya.

Huyu anyang'anywe leseni, ashtakiwe, arudishe kila senti, na ile mashine yake ya kugongea namba ichukuliwe. Malalamiko nimeshapeleka Idara ya Magari ya Texas, na sitanyamaza.

Mkienda kununua, nendeni na sumaku. Namba ya chesisi inayoanza na 138 ni ya SS ya 1968. Kuanzia 1969 mpaka 1971 SS ilikuwa nyongeza tu, namba haikuambii kitu. Tarehe ya bloku ni herufi ya mwezi, siku, halafu tarakimu ya mwisho ya mwaka. Na gari lipandishwe juu ulione chini. Mimi aliniambia lifti imeharibika, na siku ileile kulikuwa na gari jingine limening'inia juu yake!

Kama hela yako iko mikononi mwake sasa hivi, niandikie leo, twende kwa mwanasheria pamoja.